Kozi ya makocha wa mpira wa magongo, City Park Nairobi

Ada niliyolipa haikwenda bure. Mkufunzi Mholanzi alitumia asubuhi nzima kwenye kona ya adhabu, yaani shambulio ambalo timu hupewa walinzi wakifanya kosa karibu na goli lao: mkono wa kushoto juu ya gongo, wa kulia chini, mguu wa kushoto mbele, mpira unaburutwa kwanza ndipo urushwe. Alipita akiturekebisha viwiko mmoja mmoja. Kasoro ni kwamba mazoezi mengi yanataka nyasi bandia zilizomwagiwa maji, na wasichana wangu shuleni wanachezea udongo. Kocha mwenzetu kutoka Uganda ndiye aliyenionyesha namna ya kupokea mpira unaodundadunda. Kenya ilishika nafasi ya nne Kombe la Dunia la mpira wa magongo la 1971. Tunastahili kozi hizi kila mwaka. Waongeze tu kipindi cha viwanja vya vumbi.