Dawa ya Meno ya C.E.T. kwa Paka: Ladha Inasaidia, Kazi Inabaki kwa Mswaki

Dawa ya meno ya C.E.T. inayotengenezwa na Virbac, hasa ile yenye ladha ya kuku, ni miongoni mwa bidhaa chache za kinywa cha paka ambazo niko tayari kumshauri mfugaji mwenzangu azinunue, mradi aelewe mapema inaweza nini na haiwezi nini. Anayeinunua kwa matumaini kwamba harufu mbaya ya mdomo itatoweka kwa kupaka tu atavunjika moyo. Harufu hiyo mara nyingi hutokana na bakteria wanaoishi ndani ya ukoga, hasa chini ya ukingo wa ufizi kusikofika hewa, ambako huvunjavunja protini na kutoa gesi zenye salfa. Ukoga usipoondolewa, ndani ya siku chache tu hushika madini yaliyomo kwenye mate na kuwa ugaga, yaani ule ukoko wa njano au kahawia ambao hakuna mswaki wala dawa ya kupaka inayoweza kuubandua.

Sifa inayotajwa zaidi kuhusu dawa hii ni vimeng'enya vyake viwili, glukosi oksidesi na laktoperoksidesi. Cha kwanza huzalisha kiasi kidogo cha haidrojeni peroksaidi, na cha pili huitumia hiyo pamoja na kemikali iliyomo kwenye mate kutengeneza kiwanja kinachozuia bakteria wasistawi. Kikemia maelezo hayo yana msingi, lakini ukizingatia muda mfupi ambao dawa hukaa mdomoni kabla paka hajaimeza yote, naona vimeng'enya vimepewa sifa kubwa kuliko kazi yao. Kwa maoni yangu, fadhila halisi ya dawa hii ni ladha. Paka hawezi kuonja utamu wa sukari, na wengi huchukizwa na harufu ya mnanaa. Paka ninayemfuga alikuwa akikimbia kila nilipofungua dawa nyingine yenye harufu hiyo, ilhali hii ya ladha ya kuku huilamba kwa hiari, na mnyama anayelamba kwa hiari ndiye anayekubali kuguswa meno kesho yake.

Fadhila ya pili ni kwamba dawa hii haitoi povu na imetengenezwa ikijulikana kuwa itamezwa. Dawa ya meno ya binadamu haifai hata kidogo, kwa kuwa ina floraidi na viambato vya kutoa povu, na paka hajui kusukutua wala kutema.

Kinachohitaji umakini zaidi ni kifaa cha kuipakia. Mswaki wa mpira unaovaliwa kidoleni, ambao huuzwa kwa wingi pamoja na dawa za aina hii, siupendekezi: ni mnene mno kwa kinywa kidogo kama cha paka, nywele zake ni butu hivi kwamba haziingii kwenye ukingo wa ufizi, na unamlazimu mtu kuweka kidole chake mahali ambapo paka aliyeudhika atakapofunga taya. Mswaki mdogo wenye nywele laini na kichwa chembamba ni bora zaidi, na kwa siku za mwanzo kipande cha shashi kilichozungushiwa kidole kinatosha. Hakuna haja ya kumfungua paka mdomo. Huinuliwa mdomo wa juu kwa upande, mswaki ukaelekezwa kwa mshazari pale jino linapokutana na ufizi, na kusuguliwa upande wa nje peke yake, kwani upande wa ndani ulimi wake mkwaruzo husaidia kwa kiasi fulani. Kati ya meno 30 ya paka mzima, yanayostahili kutangulizwa ni magego makubwa ya juu, kwa sababu mate humiminika karibu nayo na ugaga hujijenga hapo kwa wingi. Mwanzoni paka aachiwe dawa ailambe tu kidoleni, kisha aguswe mdomo, kisha meno ya chonge, na hatua hizo zichukue wiki kadhaa bila pupa. Akishazoea, kila siku ndiyo inayofaa. Kwa kasi ambayo ukoga hugeuka ugaga, kusugua mara moja kwa wiki ni kujisumbua bure.

Zipo bidhaa zinazoahidi matokeo hayo hayo bila mswaki, na hazilingani. Chakula kikavu cha kawaida hupasuka mara jino linapokigusa na hakisugui kitu. Hill's t/d, chakula kikavu maalumu cha meno, ina punje kubwa zenye nyuzi zinazoruhusu jino lizame kabla hazijavunjika, na pamoja na vitafunio vya Greenies vya paka ina kibali cha Veterinary Oral Health Council, baraza ambalo tangu 1997 hupitia matokeo ya majaribio yanayowasilishwa na watengenezaji. Kibali hicho lakini kinahusu ukoga na ugaga, hakihusu kunukia kwa pumzi. Matone ya kutia kwenye maji nayatilia shaka kwa sababu paka ni mnywaji hafifu, na maji yakibadilika ladha anaweza kuyaacha kabisa. Vipulizio vyenye mafuta ya mimea, hasa ya mti wa chai, viepukwe, kwani ini la paka halina uwezo mzuri wa kuvunja kemikali za aina hiyo.

Yanayonikera ni matangazo ya bidhaa za kinywa cha paka kwa jumla, ambayo huizungumzia harufu kana kwamba ni tatizo la kupuliziwa manukato. Paka anayetokwa udenda, anayeangusha chakula, anayetafuna upande mmoja au mwenye ufizi mwekundu unaovuja damu apelekwe kwanza kwa daktari wa mifugo, kwa kuwa kumsugua katika hali hiyo ni kumtonesha. Huenda meno yake yanalika, ugonjwa ulio wa kawaida sana kwa paka na ambao mara nyingi huhitaji eksirei ili ubainike. Pumzi inayonuka kama mkojo yaweza kuashiria figo zilizodhoofika, na yenye harufu ya matunda kisukari kilichopamba moto. Ugaga uliokwisha kujengeka huondolewa paka akiwa amelazwa kwa nusukaputi. Kumkwangua akiwa macho husafisha sehemu inayoonekana tu na kuacha uchafu chini ya ufizi, palipo na ugonjwa wenyewe.

Kwa hiyo wanaofaidika zaidi na dawa hii ni paka waliotoka kusafishwa meno, na wale wachanga ambao meno ya kudumu yameshaota yote, yaani wenye umri wa takriban miezi sita. Kabla ya hapo ufizi huuma na mtoto wa paka atauchukia mswaki. Paka mkubwa aliyekataa katakata kuguswa mdomo asilazimishwe: huyo ni bora apewe chakula chenye kibali, na kinywa chake kikaguliwe na daktari angalau kila mwaka.