Programu ya Kuiga Mwako wa Gesi na Dizeli: Uzoefu Wangu na Wakala Wake Nairobi

Naandika haya nikiwa bado na hasira, kwa hiyo msomaji anivumilie. Miezi kadhaa iliyopita karakana yetu ya Industrial Area ililipia leseni ya programu ya kuiga mwako ndani ya silinda, kwa kuwa tulitaka jenereta ya dizeli itumie biogesi kwa sehemu kubwa, dizeli ibaki kidogo tu ya kuiwashia.

Ugumu wote wa injini za namna hii umo hapo penye kuwasha. Methani, ambayo ndiyo sehemu kuu ya biogesi, haijiwashi yenyewe mpaka joto lifike takriban nyuzi 540 za Selsiasi, ilhali dizeli hujiwasha mapema zaidi. Ndiyo maana dizeli hutangulia, kisha mwali husambaa katika mchanganyiko wa gesi na hewa. Gesi inapoongezwa, oksijeni hupungua, joto la mwisho wa mgandamizo hushuka, na methani hudhoofisha mimenyuko ya mwanzo ya dizeli, hivyo dizeli huchelewa kuwaka. Katika programu hii, niongeze gesi au niiondoe kabisa, kuchelewa huko kulibaki kulekule, kama saa ya ukutani iliyoishiwa betri.

Nikamwendea wakala, Upper Hill. Kijana aliyenipokea hakuitazama hata grafu niliyomchapishia, aliendelea kubofya simu yake, kisha akasema, "Mzee, weka GRI-Mech 3.0, mambo yatakwisha." GRI-Mech 3.0! Hiyo ni orodha ya mimenyuko ya kikemia ya mwako ambayo programu huisoma; ina spishi 53, yaani aina za molekuli na atomu, na mimenyuko 325, ilitungwa kwa ajili ya gesi asilia, na haifiki hata butani, sembuse heptani, yenye molekuli kubwa zaidi, ambayo wengi wetu huitumia kuwakilisha dizeli. Nilipomweleza hivyo kwa upole, akanijibu kwamba wateja wengine hawalalamiki.

Sitaki kudhulumu. Sehemu ya kusambaa kwa mwali ni nzuri kweli, na ilituonyesha methani isiyoungua ikijificha katika upenyo kati ya pistoni na ukuta wa silinda, jambo ambalo vipimo vyetu vya moshi vilikuwa vimelidokeza. Kwa hilo ningetoa nyota tatu. Lakini mwali uliowashwa kwa wakati usio wake una faida gani? Basi ni nyota moja, nayo ni ya walioiandika programu, si ya wakala. Ankara ya mwaka ujao imeshaletwa, na sitailipa mpaka mtu aitazame ile grafu.