Karatasi, maranda au hempu? Uzoefu wangu na matandiko ya panya na hamsta

Nianze na hukumu, maelezo yatafuata. Kama unafuga panya au hamsta na unataka tandiko moja la kutandaza kizimbani bila kuumiza kichwa, chukua la karatasi lisilotiwa manukato. Likikosekana, chukua maranda ya mti wa aspeni. Hempu, yaani vipande vya shina la mmea wa jamii ya bangi, naipa nafasi ya tatu, na mbele nitasema kwa nini siiweki juu zaidi. Mfuko wenye harufu ya mwerezi uache pale pale rafuni, hata kama umechorwa hamsta anayecheka.

Mimi nina panya majike wawili, Tunda na Pili, wanaoishi pamoja, na hamsta mmoja wa dhahabu anayekaa peke yake, maana jamii yake haitaki mwenza kizimbani. Mahitaji yao hayafanani hata kidogo. Panya hudondosha mkojo kila wanapopita, na mapafu yao ni mepesi kuugua. Hamsta kwa upande wa usafi hana makuu, ana kona yake ya choo na anaiheshimu, ila asipokuwa na kitu cha kuchimba utamsikia usiku kucha anatafuna nondo za kizimba. Kwa hiyo mtu akikuuliza tandiko gani zuri, mwulize kwanza anafuga nini.

Sasa karatasi. Sisemi gazeti, nasema lile tandiko la nyuzi za karatasi, vipande laini vyeupe au vya kijivu vilivyoshindiliwa mfukoni kiasi kwamba lazima uvichambue kwa vidole. Ukivichambua vinafura, na mfuko uliouona mdogo unajaza kizimba. Linanyonya mkojo haraka, na ukilishindilia kidogo linashika umbo, kwa hiyo handaki likichimbwa halibomoki. Nilipolimwaga mara ya kwanza Pili alisimama pembeni akinusa, masharubu yanacheza, kisha akajaza vipande mdomoni na kuvikokota hadi kwenye kijumba chao. Akarudi, akajaza tena. Tunda, ambaye kazi si desturi yake, aliingia kulala kiota kilipokwisha.

Nanunua jeupe, kwa makusudi. Ya rangi yanapendeza kwenye picha lakini yanaficha mambo unayotakiwa kuyaona mapema: mkojo uliobadilika rangi, tone la damu, kinyesi cha maji. Panya naye ana jambo lake. Nyuma ya jicho ana tezi inayotoa majimaji mekundu yenye pofirini, rangi inayotengenezwa na mwili, na akiwa na msongo, au vumbi likimkera, au akianza kuugua, hayo majimaji huganda puani na kwenye kona za macho, ukadhani ni damu. Akijipangusa, doa linabaki kwenye kiota. Kwenye tandiko jeupe nimeliona doa kabla sijamwona mnyama mwenyewe, na kwenye la zambarau lingenipita.

Kasoro za karatasi zipo. Ya kwanza ni vumbi, nalo linategemea sana mfuko uliobahatika kuupata. Mfuko mmoja wa chapa niliyoizoea, ambayo sitaitaja, ulikuja na vumbi la kutosha kupaka meza nzima, na Tunda akaanza kupiga chafya mfululizo. Nilipouondoa na kurudisha mabaki ya mfuko wa zamani, chafya zikakata. Tangu hapo kila mfuko mpya naupima: usiku nazima taa, nawasha tochi, nachukua konzi ya tandiko na kuikung'uta juu ya kitambaa cheusi. Vumbi lisiloonekana mchana utaliona linaelea kwenye mwanga, na litakalotua kwenye kitambaa ndilo lililokuwa linaelekea mapafuni mwao. Neno "halina vumbi" kwenye mfuko nalisoma tu, siliamini.

Kasoro ya pili ni kwamba karatasi nzuri inaficha harufu. Juu ni pakavu na pasafi, kumbe chini ya kona ya choo pamekuwa tope. Usinuse ukiwa umesimama. Panya pua yake iko karibu na sakafu, na anapumua kwa pua tu, hana namna ya kukwepa kwa kufungua mdomo. Inama, ingiza uso hadi usawa wake, fukua ile kona, ndipo unuse. Mkojo mbichi si shida sana. Shida ni bakteria wanaovunja yurea, taka ya mwili iliyomo, na kutoa amonia, gesi kali inayowasha. Na panya wengi wa kufugwa tayari wamebeba bakteria wa Mycoplasma pulmonis kwenye njia ya hewa, hata wale wanaoonekana wazima wa afya. Amonia ikizidi, ugonjwa uliolala unaamka. Ikiwa macho yako yanawasha umbali ule, wao wamekaa humo tangu jana.

Ndiyo maana matandiko yenye manukato siyataki kabisa, yawe ya karatasi, ya maranda au ya chochote. Lavenda na limau vinamfurahisha anayenunua. Mnyama anapata kero mbili, manukato na amonia iliyojificha chini yake, na wewe unapoteza kengele ya hatari uliyopewa bure, yaani pua yako.

Tuje kwenye miti, maana hapa ndipo mabishano yalipo. Mwerezi siutumii na simshauri mtu. Mafuta yale yale yanayoufanya ufukuze wadudu aina ya nondo kabatini ndiyo yanayoleta balaa kizimbani. Mwaka 1967 mtafiti Elliot Vesell alionyesha kwenye jarida la Science kwamba panya wa maabara waliolalia maranda ya miti laini, mwerezi na msonobari ikiwemo, maini yao yalizalisha kwa wingi kuliko kawaida vimeng'enya vinavyovunja dawa. Fikiria: dawa inapimwa kwa panya, na maranda aliyolalia yanabadilisha majibu. Kwa mfugaji maana yake ni kwamba ini la mnyama linafanya kazi ya ziada kila siku kwa sababu tu ya mahali anapolala. Hata kwa binadamu mwerezi mwekundu wa magharibi una sifa mbaya: asidi ya plikati iliyomo husababisha pumu kwa wafanyakazi wa viwanda vya mbao. Hao ni watu wazima wanaoondoka kazini jioni wakarudi kwao.

Msonobari uko katikati. Uliokaushwa kwa joto kwenye tanuri hupoteza sehemu kubwa ya kemikali zile zinazoruka hewani, na wapo wafugaji makini wanaoutumia kwa miaka bila tatizo. Sigombani nao. Kipimo changu ni chepesi: nikifungua mfuko nikasikia harufu ya karakana ya seremala, maranda hayo yanaenda kwenye mbolea. Maranda ya bure ya karakana nayo siyachukui, maana huwezi kujua mbao zipi zimepigwa dawa, na humo kuna mchanganyiko wa kila mti uliopita kwenye randa siku hiyo. Unga wa mbao usiuguse hata kama mti wenyewe ni salama. Ni vumbi tupu.

Aspeni ni mti mgumu kwa hesabu za wataalamu wa miti, ingawa ukiushika ni mwepesi, na hauna ile harufu kali. Maranda yake ni meupe na yanakauka vizuri. Niliyatumia kwa panya kipindi kirefu na sikuona chafya wala macho mekundu. Lakini hamsta aliyakataa kwa vitendo. Alichimba, shimo likajifukia, akachimba tena, likajifukia, mwishoni akahamia kulala ndani ya gurudumu lake. Maranda peke yake hayashiki handaki. Ukiyachanganya na karatasi na nyasi kavu ndefu yanashikamana, kwa sababu nyasi zinapita katikati kama nondo kwenye zege, na huo ndio mchanganyiko ninaotumia mpaka sasa.

Hempu inanyonya vizuri na ile niliyotumia ilikuwa na vumbi dogo kuliko zote. Mbona basi ni ya tatu? Vipande vyake ni vikavu na vigumu, baadhi vina ncha. Nilipowawekea panya hempu tupu, walikojoa humo na kwenda kulala kwenye machela ya kitambaa. Naiweka chini kabisa kama tabaka la kunyonya, juu yake karatasi. Hapo inafanya kazi vizuri kabisa.

Magunzi ya mahindi yaliyosagwa sikukaa nayo. Yanaonekana nadhifu, lakini ni magumu kwa nyayo, panya huyatafuna, na yakilowa huota ukungu.

Kuna kitu kimoja kinauzwa kwa ajili ya hamsta ambacho kingepaswa kutoweka madukani: ile pamba laini ya kiota, inayoitwa wakati mwingine "sufi" au "manyoya". Nyuzi zake ni ndefu na hazikatiki. Zinajizungusha kwenye mguu mwembamba hadi damu inashindwa kupita, au zinamezwa na kuziba utumbo. Zinakwama pia kwenye mifuko ya mashavu. Mbadala ni karatasi ya chooni isiyo na harufu wala rangi, basi. Ipasue vipande virefu, viweke upande wa pili wa kizimba, kisha kaa utazame. Wangu anavisokota kwa mikono yote miwili, anavisukumia shavuni hadi kichwa kinakuwa kipana kuliko mwili, halafu anapita kwa shida kwenye mlango wa handaki. Karatasi ya namna hii ikilowa inasambaratika, na ndicho unachotaka.

Kuhusu kina, watu wanabana sana. Mashimo ya hamsta wa dhahabu yaliyopimwa porini, mpakani mwa Siria na Uturuki, yalikuwa na wastani wa sentimita 65 kwenda chini. Watafiti wa Uswisi waliwahi kuwapa hamsta tandiko la kina cha sentimita 10, 40 na 80, matokeo yakatoka mwaka 2006: waliopata 80 hawakuonekana wakitafuna nondo, na waliopata 10 ndio waliotafuna zaidi. Mimi nimefika 40 upande mmoja wa kizimba, naishusha taratibu kuelekea upande wa pili. Ile kelele ya meno usiku imekwisha. Jaza kwa matabaka, kila tabaka ulishindilie kwa kiganja. Na vitu vizito, gurudumu, kijumba, bakuli la kauri, visimame kwenye jukwaa lenye miguu inayofika sakafuni. Ukiviweka juu ya tandiko, siku handaki litakapopita chini yake vitamwangukia mwenyewe.

Usafi: sitoi kila kitu kwa mkupuo. Naondoa palipolowa, naongeza pakavu. Ikifika zamu ya kusafisha kabisa nabakiza konzi kadhaa za tandiko la zamani lililo kavu na kulichanganya na jipya, ili warudi mahali penye harufu yao. Kizimba kikinukia upya kabisa, panya wangu wanakojoa kila pembe kwa hasira ya kuporwa nyumba, na kazi yako inakuwa bure. Panya wangu pia wamekubali sanduku la choo lenye punje za karatasi kavu. Usije ukaweka ule mchanga wa paka unaogandamana ukilowa. Akiumeza unagandamana tumboni.

Tandiko jipya na nyasi kavu navilaza kwenye friza siku mbili kabla ya kutumia, kwa ajili ya utitiri na wadudu wengine wanaosafiri na mizigo. Kisha navianika ndani hadi unyevu uishe.

Rafiki yangu anafuga simbilisi, na kwao hesabu ni nyingine kabisa. Simbilisi hachimbi. Adui yake ni sakafu ngumu au yenye unyevu, inayomletea vidonda vya nyayo. Rafiki yangu hutumia flisi, kitambaa laini chenye manyoya kama cha blanketi, juu ya taulo nene, mkojo unapita na kunyonywa chini, juu panabaki pakavu. Anafua bila dawa ya kulainisha nguo, maana dawa hiyo inaziba kitambaa kisipitishe maji, na anakagua pindo kama kuna uzi uliotoka. Nyasi kavu zinarundikwa kando muda wote, maana hizo kwake ni chakula kwanza, malazi baadaye. Kwa panya wangu flisi haikudumu, waliitoboa.

Na kama umeshabadilisha tandiko, vumbi hakuna, harufu hakuna, lakini panya bado anapiga chafya, au unasikia mlio wa kukoroma au kubofya kifuani mwake ukimweka sikioni, usinunue mfuko wa nne. Mpeleke kwa daktari wa wanyama, na umtajie tandiko analolalia.