HEAT Plus: kipimo cha pengo la kiafya kati ya wenye nacho na wasio nacho

Wastani ukisema watoto 6 kati ya 10 hulala ndani ya chandarua chenye dawa, haujasema wale 4 wanaobaki nje ni watoto wa nani. HEAT Plus, programu ya bure ya Shirika la Afya Duniani, imetengenezwa kwa ajili ya swali hilo. Ndugu yake HEAT, iliyotoka 2016, huja na takwimu za nchi zikiwa tayari. Plus hupokea faili lako mwenyewe, la mkoa au la nchi nzima.

Programu hii haisomi madodoso. Inataka asilimia zilizokwisha kukokotolewa kwa kila kundi. Kwa data za DHS, yaani tafiti za kitaifa za afya na idadi ya watu, kazi hiyo hufanyika kwanza kwenye programu za takwimu kama Stata, R au SPSS: uzito wa sampuli, ulio kwenye safu ya v005, hugawanywa kwa 1,000,000, makundi matano ya utajiri huchukuliwa kwenye safu ya v190, au hv270 kwa faili la kaya. Ofisi ya wilaya isiyo na mtakwimu itakwama hapa, na hii ndiyo kasoro yake kubwa. Kiswahili nacho hakimo.

Faili likikubaliwa, usishangilie bado. Safu ya favourable_indicator hujazwa 1 kwa tabia njema, mfano kunawa mikono kwa sabuni, na 0 kwa tabia mbaya, mfano kuvuta sigara. Ukiandika 1 kwenye sigara, programu haitalalamika. Ukilinganisha mikoa, ule wenye wavutaji wengi zaidi ndio utakaofanywa kigezo cha mafanikio. Kwenye subgroup_order, namba 1 ni ya maskini zaidi na 5 ya matajiri zaidi. Mikoa, isiyo na ngazi, hupewa 0. Safu ya population, yaani ukubwa wa kila kundi, nayo wengi huiacha wazi au hujaza 20 kila mahali, kana kwamba kila kundi ni asilimia 20. Hilo ni kosa. Makundi ya utajiri hulingana kwa idadi ya watu wote, si kwa idadi ya watoto, na kaya maskini mara nyingi zina watoto wengi zaidi.

Uzuri wake uko kwenye vipimo vyake, ambavyo ni zaidi ya kutoa na kugawanya. Chukua mfano wa makundi matano yenye ukubwa sawa. Mkoa wa kwanza una asilimia 40, 42, 44, 46 na 80. Wa pili 40, 74, 76, 78 na 80. Kote pengo la maskini na tajiri ni 40, uwiano ni 2. Lakini kipimo cha PAR, yaani kiasi ambacho wastani ungepanda kama wote wangefikia kundi la juu, ni 29.6 kwa mkoa wa kwanza na 10.4 kwa wa pili. Wa kwanza unahitaji kampeni ya watu wote. Wa pili unahitaji kuzifuata kaya maskini mlango kwa mlango. Anayeripoti tofauti peke yake atapeleka fedha pasipostahili.

Kuna mtego ambao programu haiwezi kukuokoa nao. Kipimo cha utajiri cha DHS hujengwa kwa mali za kaya pamoja na chanzo cha maji na aina ya choo. Ukikitumia kupima matumizi ya choo bora, unapima kitu kwa kitu hichohicho, na pengo litavimba bure. Ondoa vipengele hivyo, kikokotoe upya, au tumia elimu ya mama kama kigezo. Vilevile kundi la tano hujaa watu wa mjini. Tengeneza kigezo chako kinachounganisha makazi na utajiri, mfano “kijijini, maskini zaidi”, kwa kuwa safu ya dimension, inayotaja kigezo cha kugawia makundi, inakubali jina lolote. Makundi yakigawanyika hivyo huwa madogo: DHS huficha makadirio ya chini ya watu 25, na yale ya 25 hadi 49 huyawekea mabano. Yawekee alama kwenye safu ya flag kabla hujachora grafu.