Mlango wa dari: ununue upi, uuweke wapi

Dari za jipsamu nyingi hapa Dar es Salaam huisha, rangi ikakauka, ndipo mwenye nyumba anauliza fundi umeme atapandia wapi. Hapo msumeno unaitwa. Kwa hiyo jua kwanza nini kitahitaji matengenezo huko juu: koki, maungio ya nyaya, mashine ya kiyoyozi iliyofichwa. Pa kupitisha mkono tu, mlango wa sentimita 30 kwa 30 unatosha. Mtu mzima na vifaa vyake anataka 60 kwa 60. Kwa 45, fundi mwembamba atapenya, ila akikwama usimlaumu.

Namba moja kwangu ni fremu ya alumini yenye kipande cha jipsamu ndani. Fremu inapigwa skimu (lipu laini ya kumalizia) pamoja na dari, unabaki mstari mwembamba tu. Unabonyeza, mlango unafunguka. Haili kutu, na kwa nyumba ya Kigamboni yenye upepo wa chumvi hilo si dogo. Bonyeza kitasa mara kadhaa ukiwa hapo hapo dukani, na usiuchukue usio na waya wa usalama: kipande cha 60 kwa 60 kina kama kilo 3, na chini yake kuna kichwa cha mtu. Bafuni dai jipsamu ya kijani, ile inayostahimili unyevu.

Wa pili ni wa chuma uliopakwa rangi. Ni imara, na Dodoma ningeuchukua bila wasiwasi. Pwani kutu huanzia pembeni, rangi ilipochubuka. Wa plastiki uishie kwenye koki ya bafuni. Plaiwudi ya fundi seremala ni ya mwisho, maana ikijikunja tu popo wamepata njia.

Kama michoro inasema dari ni ya kuzuia moto, hakuna hata mmoja kati ya hiyo unaofaa. Tafuta wenye cheti cha kuhimili moto kwa muda uleule wa dari. Ofisi yenye dari ya vigae vya 60 kwa 60 haihitaji kununua kitu, kigae kinanyanyuliwa.

Wa kupandia uweke koridoni, chini ya sehemu ya paa iliyo juu zaidi. Pembeni paa linashuka na mtu hasimami. Juu ya kabati au ngazi, hapana. Wa kiyoyozi uelekee upande wenye boksi la umeme na bomba la maji. Na fundi akikata chaneli (vyuma vinavyoshikilia jipsamu), azungushie tundu chaneli nyingine kabla ya skimu, la sivyo nyufa zitaanzia kwenye kona zake.