Sato wa kizimba na sato wa bwawa: yupi anaishi vizuri zaidi?

Hapa Mwanza anayetaka kufuga sato huuliza kwanza gharama. Mimi naanza na samaki mwenyewe.

Kizimba cha ziwani, yaani wavu wa kufugia uliozamishwa majini, hupitiwa na maji mchana na usiku; yanaleta oksijeni na kuondoa kinyesi. Hilo ni jema kubwa. Lakini sato dume kwa asili yake huchimba kiota chini na kukilinda, na ndani ya wavu hana pa kuchimba. Wakisongamana, wanachubuana mapezi. Tena maji ya kilindini yenye oksijeni kidogo yakipanda juu kwa upepo mkali, samaki aliye huru huhama. Wa kizimbani hana pa kwenda, na wengi hufa kwa mara moja.

Bwawa la udongo linampa tope la kuchimba na mwani wa kula. Hatari yake ni alfajiri, maana usiku mwani nao hutumia oksijeni. Ukiwakuta wanatweta juu ya maji kabla ya jua kuchomoza, wanakosa pumzi: ingiza maji mapya, usiwalishe kwanza.

Kwangu bwawa lisilojazwa samaki kupita kiasi ni bora, mradi maji ya kubadilisha yapo. Yasipokuwepo, chagua kizimba chenye samaki wachache, mahali penye kina na mkondo.

Siku ya kuvuna sioni tofauti. Kote huku mara nyingi huachwa watapetape kwenye beseni hadi wafe, na inaniuma. Pigo moja thabiti kichwani, mara anapotoka majini, humzimisha papo hapo.