Kitufe cha MIN/MAX: Mita ya Bei Nafuu Dhidi ya Swichi ya Gia Inayokatakata

Haya jamani, karibuni tena. Leo sifungui boksi wala sisomi kitabu cha maelekezo. Mita ya umeme mnaijua: inapima volti, inapima omu, ina waya mwekundu na mweusi. Basi. Mimi nataka tukae kwenye kitufe hiki hapa, kimeandikwa MIN/MAX: ukikibonyeza, mita inakumbuka kipimo cha chini kabisa (MIN) na cha juu kabisa (MAX). Wengi wenu mnacho nyumbani na hamjawahi kukigusa. Jina la mita silitaji, maana mita hii hii inauzwa kwa nembo chungu nzima, rangi tu ndiyo inabadilika. Tazameni kitufe, achaneni na nembo.

Nani ana gari la otomatiki la zamani? Basi haya unayajua. Gia iko P, unazungusha ufunguo, kimya. Dashibodi inawaka, redio inaimba, stata haijibu. Unashusha gia hadi N, linawaka! Kesho yake linawaka kwenye P bila maneno, na keshokutwa pia. Unalipeleka kwa fundi, linajifanya zima kabisa. Fundi anabadilisha betri, anabadilisha stata, pesa imekwenda na ugonjwa uko palepale.

Likiwaka N na kugoma P, mtuhumiwa wa kwanza ni swichi ya gia, ile wanaiita inhibita. Kwenye magari mengi ya zamani imefungwa ubavuni mwa gia boksi, pale kebo ya gia inapoishia. Kazi yake ni kuruhusu stata kwenye P na N tu, na mara nyingi ndiyo hiyo hiyo inayowasha taa za rivasi. Ndani kuna vipande vya chuma vinavyosuguana kila unapobadilisha gia. Vinachakaa, vinaingia maji, au boliti zinalegea na swichi yote inasogea kidogo.

Sasa niacheni nigombe. Kila video ninayofungua: mtu anachomoa swichi, anagusisha ncha mbili, mita inalia piii, "mmeona, swichi nzima." Nzima wapi? Mlio wa mita nyingi unalia hata kwenye omu 30! Kwenye volti 12, omu 30 hazipitishi zaidi ya ampea 0.4. Taa mbili za rivasi za wati 21 kila moja zinataka ampea 3.5. Halafu mita inapopima omu inatuma umeme mdogo mno, unapita hata kama umebaki uzi mmoja wa shaba ndani ya waya. Swichi inapimwa ikiwa imebeba mzigo, ikiwa kazini.

Kamera isogee. Handbreki nimevuta, magurudumu nimeyazuia, injini imezimwa. Ufunguo uko ON, gia R, taa za rivasi zinawaka, kwa hiyo mzigo upo. Mweusi nimeubana kwenye hasi ya betri. Mwekundu uko kwenye waya unaotoka kwenye swichi kwenda taani, na sindano nimeipitisha nyuma ya soketi, sikutoboa waya. Ukitoboa, maji yanaingia na kutu inakuja yenyewe. Na zile soketi za eabegi, mara nyingi za njano, usizipime kabisa.

Inasoma 11.9. Sasa nisikilizeni: bana kwanza, bonyeza baadaye. Ukibonyeza MIN/MAX kabla hujabana, mita inarekodi sifuri ya hewani, na wewe unakimbilia kununua swichi. Renji pia ichague mapema, maana ukishabonyeza inajifunga.

Nimebonyeza. Naingia ndani ya gari, na hapa ndipo raha ilipo: sioni mita, sioni taa, niko peke yangu, na wala sihitaji wa kunipigia kelele "imezima!" Nautikisa mkono wa gia bila kuutoa R. Mbele kidogo, nyuma kidogo. Narudi kwenye boneti, nasoma MIN... 4.2! Mmeiona hiyo? Nahamisha mwekundu kwenye waya unaoingia kwenye swichi, nafuta rekodi, natikisa vilevile. MIN 11.8. Umeme unafika vizuri, unapotelea ndani ya swichi.

Kwa stata unatumia MAX. Mwekundu kwenye waya unaotoka kwenye swichi kwenda rilei ya stata, ile swichi ndogo ya umeme inayoamsha stata, uache hapo, na ufute rekodi kila kabla ya kuzungusha ufunguo, la sivyo MAX itabaki ile ya siku lilipowaka. Siku likigoma, soma. Ukikuta volti 10 na kitu, swichi imepitisha, tafuta mbele: rilei, stata, na waya zake. Ukikuta karibu na sifuri, tafuta nyuma: swichi yenyewe na umeme unaoiingia. Ila tazama mchoro wa waya kwanza, kuna magari ambayo swichi inakata upande wa hasi wa rilei, hapo hesabu inageuka.

Mmeniuliza kwenye komenti kwa nini nisichomeke skana tu. Marekani ililazimisha OBD2, mfumo wa gari kujichunguza wenye soketi ya skana, kuanzia magari ya 1996, kwa hiyo mengi ya kabla ya hapo hayana hata pa kuchomeka. Na yenye nayo yakikupa msimbo wa kosa P0705, umeambiwa sakiti ya swichi ya gia ina kasoro. Ni swichi, waya au soketi? Hiyo kazi bado ni yako.

Sasa maudhi. Mita hii inajizima baada ya dakika 15 na rekodi yote inakwenda nayo! Nani alikaa akafikiria hivyo? Dawa yake ni kushikilia kitufe cha kwanza unapoiwasha, isijizime. Pia inasoma mara 3 hivi kwa sekunde, mkatiko wa haraka unaipita. Fluke 87V, mita ya kitaalamu, inanasa mpaka mikrosekunde 250, ila bei yake, jamani, achana nayo. Kwa swichi ya gia hii inatosha. Kwa kitufe cha O/D (ovadraivu, gia ya mwendo wa kasi), ambacho waya zake hukatikia ndani ya mkono wa gia, hapo nasitasita. Huko ningeongeza taa ya kupimia.

Na kabla hujanunua swichi: gia N, legeza boliti zake, linganisha alama, kaza, pima tena. Mimi nimefanya hivyo sasa hivi, MIN imepanda hadi 11.7 na sijabadilisha kitu. Nitaliacha gari hivi tuone kama litashikilia. Walioomba ya swichi ya taa za breki, ile inayofanya gia igome kutoka P, ndiyo inayofuata. Bonyezeni kengele.